Mluzi wa marehemu baba yangu Nshamba, na app ya ndege iliyonifunga mdomo

Wakuu, heshima yenu.

Naandika haya nikiwa nyuma ya kaunta yangu hapa Bukoba mjini. Mteja akija nasimama, akiondoka naendelea, kwa hiyo mkiona mahali pameruka mjue kuna mtu alikuwa anataka misumari. Ila kila neno ni la kweli. Mama yangu yuko hai, na mmoja wenu akitaka kufunga safari kwenda kumuuliza, ataniumbua mwenyewe nikiongopa.

Kwanza mjue mnasoma habari za mtu wa namna gani.

Mimi si mtu wa kushangazwa. Hakuna kitu duniani cha kunishangaza. Shule niliachia darasa la tano. Nimebeba magunia bandarini hapa mpaka bega moja likawa chini kuliko lingine, nimeuza dagaa, nimechoma matofali, nimelala chini ya lori. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, Fuso mbili, na nyumba ambayo mtu akiiulizia mjini haoneshwi kwa kidole, anaambiwa tu "ile". Mkisema najisifu, mimi ni Mhaya, kwetu hilo halihesabiwi kama kosa.

Na sikurithi kitu. Hili nimekuwa nikilisema kwenye kila harusi na kila msiba. Baba hakuniachia hata jembe. Vyote hivi ni vya mikono yangu.

Likumbukeni hilo, nitalirudia mbele.

Sasa kisa chenyewe.

Mama yangu anakaa Nshamba, Muleba, kwenye kibanja tulichozaliwa. Migomba juu, kahawa katikati, na chini kabisa, karibu na kijito, kuna kipande cha miti mikubwa, mivumu na misambya, ambacho Baba hakukigusa maisha yake yote. Baba alifariki, huu ni mwaka wa nane.

Mama anaishi na Mama Koku, mjane mmoja aliyetoka Biharamulo, alikuja baada ya msiba. Anamsaidia maji, kuni na kufua.

Mwaka jana Mama Koku akaanza kunipigia simu. Mara ya kwanza aliniambia Mama ameunguza sufuria. Nikasema sufuria si kitu, nitaleta nyingine. Mara ya pili, sufuria tena. Mara ya tatu moto ulishika nyasi za paa la jiko la nje, majirani wakauzima kwa vigogo vya migomba na matope.

Nikauliza imekuwaje. Mama Koku akashusha sauti.

"Anasema amemsikia Mzee."

"Mzee yupi?"

"Mumewe. Anasema kila alfajiri anapiga mluzi kule chini. Akiusikia tu, anabandika maji."

Hapa inabidi niwaeleze mluzi wa Baba, maana bila huo uzi huu hauna maana.

Baba alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa, sisi ni Walutheri. Kila alfajiri alikwenda mwisho wa kibanja kukata mkungu wa ndizi. Akishaukata, kabla hajaupandisha begani, alimpigia Mama mluzi kwamba bandika maji, naja. Sauti nne. Fupi, fupi, ndefu, halafu ya nne ambayo haikuwahi kufika. Ya nne ilikuwa inateleza na kutoa hewa, kama tairi lenye pancha, kwa sababu Baba hakuwa na jino moja la mbele. Alilivunja kwenye harusi akijionesha kufungua soda kwa meno. Kwa hiyo kijiji kizima kiliujua ule mluzi. Milio mitatu safi ya tarumbeta, wa nne pengo.

Basi niliposikia Mama anasema anausikia, mimi nikajua kichwa kimeondoka.

Familia yetu ina grupu. Tupo kumi na mmoja, kuna walimu, nesi, mhasibu, na mimi wa darasa la tano ambaye ndiye ninayelipa vitu. Tulikaa kwenye grupu wiki mbili. Nesi akasema ni ugonjwa wa uzee, mwingine akasema waje watu wa maombi, na kweli wakaja, wakakemea mizimu mpaka wakaishiwa sauti, Mama akawapa chai. Mwisho tukakubaliana Mama ahamie kwangu Bukoba. Chumba nikakijenga, nikaweka vigae, kitanda kipya, choo cha ndani cha kukaa. Kibanja tukipangishe. Na ile miti ya chini nikapatana na mtu wa mbao, Mzee Rweikiza wa palepale Nshamba, aje aikate yote siku hiyohiyo nitakayomchukua Mama. Kwa nini siku hiyohiyo? Kwa sababu mimi napenda gari likienda lisirudi tupu.

Kumi na mmoja tulichangia mawazo. Hakuna aliyemuuliza Mama swali hata moja. Tulimpa taarifa.

Aliponijibu kwenye simu alisema kitu kimoja tu: "Mimi siumwi, mwanangu. Lakini nyie mmeshaamua ninaumwa."

Wiki mbili kabla ya siku ya kumhamisha, akaingia dukani msichana mmoja, miwani, buti za matope. Jina lake Jesca. Akataka waya laini, kufuli ndogo sita na kamba za mpira. Mezani akaweka kiboksi cha kijani, kama redio isiyo na spika.

"Hiki cha nini, dada?"

"Ni sikio, baba. Tunakifunga kwenye mti, kinasikiliza ndege."

"Kinalipwa?"

Wateja wakacheka. Na yeye akacheka. Akaeleza kwamba wanataka kujua ni ndege gani wanaishi kwenye mashamba ya kahawa yenye miti na yasiyo na miti, na mtu hawezi kukaa porini mwezi mzima akisikiliza, ila kiboksi kinaweza. Halafu kompyuta inasikiliza yote na kutaja majina.

"Kwa hiyo ulisoma mpaka chuo kikuu ili uje uwategee ndege sikio."

"Na nimekuja kununua waya kwako, baba. Wewe umepata faida, ndege hawajapata hasara."

Huyu mtoto nikampenda. Lakini siwezi kushindwa dukani kwangu, mbele ya watu. Nikamwambia mimi nilipokuwa mdogo nililinda ulezi wa mjomba wangu kule Ngenge misimu mitatu, nawajua ndege kuliko mashine yoyote, na sauti zao naziiga mpaka wanakuja wenyewe.

Akatoa simu. Kumbe ipo ya simu pia, app ya bure. Akasema, "Iga."

Nikakusanya viganja nikapuliza njiwa. Wakuu, ile njiwa niliyopiga, njiwa angesimama kunisalimia. Simu ikafikiri kidogo. Ikaandika kwa Kiingereza, Jesca akanisomea: mtu.

Nikapiga nyingine kwa mdomo. Ikaandika: mluzi wa mtu.

Bodaboda mmoja aliyekuja kununua nati akaniambia, "Shukuru, mzee. Imethibitisha wewe ni mtu. Sisi wengine tulikuwa na mashaka."

Nilikasirika, sitaki kuwaficha. Nikamwambia Jesca imebahatisha. Ndipo akanionesha inavyofanya kazi. Akasema mashine haisikii kama sisi, sauti inageuzwa kwanza kuwa picha. Akanionesha njiwa wangu kwenye kioo, mabaka mazito chini, kama alama ya kikombe chenye maji mezani. Halafu akanionesha njiwa mwenyewe. Wa kwangu alikuwa mnene, ana vumbi pembeni, pumzi yangu yote ilikuwa inaonekana.

Nikamuuliza nani aliiambia kwamba njiwa yuko hivi na mtu yuko vile.

"Hakuna aliyeiambia, baba. Imeoneshwa tu. Maelfu kwa maelfu ya sauti, kila moja ina jina. Mwanzoni inakosea, inasahihishwa, inakosea tena. Mwisho inajua. Na ukituuliza sisi imejuaje, hata sisi hatuwezi kukueleza vizuri."

Hapo nikaacha kubisha.

Kwa sababu mimi nondo ukinigongea sakafuni nimegeuka mgongo, nakuambia ni milimita kumi na mbili au imepunjwa. Hakuna aliyenifundisha. Hakuna kitabu. Nimegonga nondo maelfu, nimedanganywa, nimepata hasara, mwisho sikio likajua. Ukiniuliza najuaje, siwezi kukueleza.

Nikasema moyoni, hii mashine imesoma shule yangu.

Alipoondoka nikanunua bando la mia tano nikaipakua. Sikumwambia mtu.

Wakuu, zile wiki mbili niliharibika. Asubuhi kabla ya kufungua duka nasimama uani nimeinua simu kama mtu anayetafuta mtandao. Ikanitajia kwarara kabla sijamwona. Furukombe alilia upande wa ziwa, mbali huko, kati ya kelele za pikipiki, ikamtoa katikati kama mtu anayetoa jiwe kwenye mchele. Nilipeleka saruji Kashozi, vijana wanashusha mifuko, mimi niko chini ya miti ya misheni nasoma majina. Dakika kumi, ndege kumi na wanne. Mimi nilikuwa nimesikia "kelele za ndege". Miaka hamsini na moja nimeishi ndani ya kelele ambayo kumbe ni mkutano, kila mmoja ana jina na anasema lake.

Kwa kifupi, mshangao ulikuwa umeanza. Sikuwa nimekubali bado.

Siku ikafika. Ijumaa jioni nikaenda Nshamba na pikapu, ili Jumamosi asubuhi nipakie na kuondoka.

Mama alikuwa amekaa barazani, hajafunga hata kitenge kimoja.

"Umekuja kunibeba kama saruji," akasema.

"Mama, chumba kina vigae."

"Vigae nitavifanyia nini? Nitavilima?"

Nikala, nikalala kwenye chumba nilicholala utotoni, miguu inatoka nje ya kitanda. Mkinihesabia, tangu Baba azikwe sikuwahi kulala pale. Huwa nafika saa nne asubuhi, naacha sukari, nageuza gari. Wenzangu wa grupu ndivyo hivyohivyo. Hili nalo likumbukeni.

Alfajiri nikasikia mlango wa Mama. Kukaanza kupambazuka, ndege wakaanza fujo zao. Mimi nikachukua simu kwa mazoea, nikatoka uani, Mama Koku anafagia.

Halafu kutoka kule chini, kwenye mivumu.

Fupi. Fupi. Ndefu. Na ya nne ikateleza, ikatoa hewa.

Wakuu, mimi nimesimama kwenye misiba ya watu wengi na sijawahi kutetemeka. Nilishika ukuta. Haikuwa "kama" mluzi wa Baba. Ulikuwa wenyewe, na pengo lake.

Ukapigwa tena.

Nikamwangalia Mama Koku. Anafagia tu.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Huo mluzi."

"Hao ndege? Kila siku wako hivyo."

Yeye hakuwahi kumjua Baba. Hakuwa na cha kulinganisha nacho. Sisi tuliokuwa na cha kulinganisha, tulikuwa Bukoba kwenye grupu.

Nikageuka, Mama yuko mlangoni mwa jiko na sufuria mkononi, ananiangalia. Akaingia kubandika maji.

Nikafungua ile app. Nikasubiri. Ukapigwa mara ya tatu, nikaukamata.

Mtandao ukazunguka. Nikapanda juu ya pikapu. Ukazunguka. Nikainua mkono juu kabisa kama mtu anayeapishwa. Hebu fikirini nilikuwa nasubiri nini pale. Nilishaijua ile kitu. Mimi nikipiga mluzi inaandika mtu. Ikiandika mtu, basi kuna mtu kule chini, na mtu huyo tumemzika.

Jibu likaja. Halikuwa mtu. Lilikuwa jina refu la Kiingereza, mwisho wake robin-chat. Ndege.

Nilikaa palepale nyuma ya pikapu nikawa nacheka peke yangu. Halafu nikampigia Jesca, namba yake aliniachia dukani, na nilijua yuko Muleba kwa kazi yake. Nikamwambia panda boda sasa hivi, nalipa mimi.

Kabla hajafika, akafika Mzee Rweikiza na vijana wawili na msumeno wa mafuta. Nikamwambia asubiri kidogo. Akasema msumeno ni wa kukodi, kusubiri kwake kuna bei. Huku tunazungumza, kijana mmoja ameshashuka chini na kuujaribu. Mliokwisha kuusikia ule mlio mnaujua. Ndege wote wakakata sauti.

Nikashuka mbio, nikamzimisha. Kimya. Dakika tano, kumi, kimya. Nikaona nimechelewa, kwa kelele ile ameshakimbia na hatarudi, na mimi nitabaki na simu inayosema kitu ambacho hakuna mwingine aliyesikia. Nitakuwa kama Mama.

Jesca akafika, mavumbi mpaka kwenye miwani. Nikampa simu. Akavaa spika za masikioni, akasikiliza, akafungua kompyuta yake juu ya boneti ya pikapu, akatoa ile picha ya sauti.

"Angalia, baba. Hapa mluzi wako. Mistari minne. Ni myembamba mno, na pumzi pembeni hakuna, mtu hawezi hivi. Na angalia hapa mwishoni, kabla haujaisha vizuri ameunganisha na wimbo wake mwenyewe, hajameza hata mate. Huyu ni mwigaji. Hawa wanaiga ndege wengine, wanaiga hata watu."

"Na huu mstari wa nne, mbona umevunjika?"

"Hilo nilitaka kukuuliza mimi. Wengine wote walioko kwenye kumbukumbu wanapiga sauti safi. Huyu peke yake ana hii kasoro. Nilidhani simu imekwaruza."

Nikamweleza habari za harusi na soda.

Aliivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaiangalia tena ile picha muda mrefu.

"Ameuiga na pengo lake," akasema polepole.

Na hapo hapo, nyuma ya kichwa changu, kwenye kichaka kilicho chini kabisa ya mivumu, kama mtu aliyekuwa anasubiri tumalize mazungumzo. Fupi, fupi, ndefu. Pengo.

Mzee Rweikiza alikuwa amekaa juu ya gogo anavuta sigara. Alisimama. Alivua kofia.

"Huyo ni Kaijage," akasema. Hilo ndilo jina la Baba. Wawili hao walipiga tarumbeta bendi moja tangu ujana, mimi nilikuwa nimesahau. "Mwalimu wa bendi alikuwa anamtukana kwa noti hiyohiyo ya mwisho."

Jesca akatuonesha kwa kidole. Ndege mdogo tu, wakuu. Kifua rangi ya chungwa lililoiva, uso mweusi, utosini mweupe kama mtu aliyevaa kofia ya sala. Alikuwa kwenye tawi, anatikisa mkia, anatuangalia kwa jicho moja.

Nikamuuliza Jesca, Baba ana miaka minane kaburini, huyu ana umri gani.

"Sijui, baba. Anaweza kuwa ndiye aliyemsikia mzee mwenyewe akiwa bado mdogo. Au alijifunza kwa baba yake, na baba yake ndiye aliyemsikia. Hilo mashine haijui, na mimi sijui."

Basi nikapanda juu kwa Mama, nimejaa. Nilikuwa na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kumpelekea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, moto unawaka.

"Mama," nikamwambia, "tumegundua. Si Tata. Ni ndege." Tata kwetu ndiye baba.

Akaniangalia kama nimemwambia mvua inatoka juu.

"Kwani nani amesema si ndege?"

Jesca nyuma yangu akakohoa.

"Si ulisema ni Tata anapiga mluzi?"

"Mluzi ni wa Tata wako. Ndege ni ndege. Mimi nimemwona mara ngapi, ana kofia nyeupe. Wewe hukuniuliza ni nani anaupiga, uliniletea watu wa kukemea."

"Sasa kwa nini unabandika maji?"

"Kengele ya kanisa ikilia, wewe unakwenda ibadani, au unakwenda kwanza kumtazama aliyevuta kamba?"

Nikavuta kigoda kingine, nikakaa.

Nikamuuliza, na sufuria kuungua je. Akanyoosha mguu wa kulia, akaugonga goti.

"Zamani nikibandika, mwenye mkungu anakuja. Siku hizi nikibandika, mwenye mkungu ni mimi. Nashuka mpaka chini, nakata, napanda. Hili goti linafika likitaka. Maji hayanisubiri."

Hicho ndicho kilikuwa kichaa cha mama yangu, wakuu. Goti. Watu kumi na mmoja, nesi ndani yake, wiki mbili za meseji, na wale wa maombi, tulitibu kichwa cha mtu anayeumwa goti. Kwa sababu ya kuogopa mluzi, hakuna aliyefika mpaka kwenye sufuria.

Nilitoka nje. Nikajaribu kuupiga ule mluzi, kwa siri, nikiwa nimeelekea migombani. Nilikuwa nataka tu kuona kama ninao. Nikatoa tatu za kwanza, ya nne ikatoka safi, moja kwa moja.

Mama akasema kutoka jikoni, "Hapana. Wewe una meno yote."

Jesca akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, lakini mwenzenu niligeuza uso. Miaka yote nimesimama kwenye harusi nasema Baba hakuniachia kitu. Mimi ndiye mwanawe wa kwanza. Kile alichokuwa nacho alikitoa kila alfajiri bure kwa yeyote aliyekuwa karibu anasikiliza. Nilikuwa bandarini nahesabu magunia. Ndege alikuwa karibu.

Nikashuka kwa Mzee Rweikiza nikamwambia miti haikatwi. Nilidhani itakuwa rahisi, maana alikuwa amevua kofia.

"Mzee nimemsikia," akasema, akaivaa tena. "Na msumeno nimeukodi."

Tukapatana. Alichukua fidia yake na chai ya Mama akanywa vilevile.

Sasa hivi Mama yuko palepale Nshamba. Ndizi zinakatwa jioni na kijana wa jirani, zinawekwa mlangoni pa jiko, mluzi ukilia yeye anabandika na kumenya hapohapo. Goti linatibiwa. Kwenye kahawa, karibu na mivumu, Jesca amefunga kiboksi chake cha kijani kwa waya alioununua dukani kwangu. Ananiambia kwenye kompyuta yao yule ndege wa kwetu amehifadhiwa kwenye faili la peke yake, ili mashine ikimsikia tena isimchanganye na wengine. Hawezi kuwaambia wenzake wote kwa nini noti ya nne imevunjika, ila ameandika pembeni: soda.

Mwezi uliopita alinitumia sauti mbili. Ya kwanza ni yule yule. Ya pili ni dhaifu, inaanza inaacha, inarudia, mluzi haujakaa sawa. Akasema anadhani ni kinda anayejifunza. Ya nne kwake ilikuwa bado haijateleza vizuri, alikuwa analitafuta pengo.

Nimeisikiliza ile sauti mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele yenu. Mtu aliyevunjika jino akifungua soda kwa majivuno, na kiumbe ambacho siku hiyo kilikuwa hakijazaliwa kinaamka alfajiri kujifunza kosa lake kwa bidii.

Mimi niliyesema hakuna cha kunishangaza. Futeni pale juu.

Nilichojifunza ni kidogo. Mzazi akikuambia amesikia kitu, lala kwake, amka naye, sikiliza kwanza, grupu baadaye. Na hizi mashine msizidharau, na pia msizipe sifa zote. Ilinitajia jina la ndege, hilo ni kubwa na bado linanishangaza. Lakini aliyejua mluzi ni wa nani alikuwa bibi kizee wa Nshamba mwenye sufuria nyeusi, na alijua miaka mingi kabla ya mashine.

Wale wa "weka picha", ndege hakai dakika mbili mahali pamoja, na mimi simu yangu naielewa upande wa sauti tu. Wataalamu wa haya mambo ya sauti mliomo humu, nisahihisheni nilipokosea. Na kama kuna mwingine ambaye kwao kuna ndege mwenye sauti ya mtu aliyetangulia, aandike hapo chini, nitasoma yote.

Na najua lipo swali linakuja, la wale wasioweza kusoma uzi mpaka waambiwe bei. Chumba cha vigae ambacho hakijalala mtu, fidia ya Mzee Rweikiza, boda ya Jesca, mabati mapya ya jiko la Mama, sufuria mbili, na bando la mia tano. Shilingi 3,480,500.